Kufufua gari la zamani la mtindo wa dragi nyumbani: mwongozo kamili, kuanzia breki hadi rangi

Magari mengi ya namna hii hayafi barabarani. Hufia kwenye maboksi. Mtu hununua gari Jumamosi, Jumapili ameshang'oa injini, milango, viti na wayaringi, na mwaka unaofuata anamuuzia mwenzake ganda la bati pamoja na makopo kumi na matano ya nati ambazo hakuna ajuaye zilitoka wapi. Mimi niliwahi kuwa huyo mwenzake. Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu ni wa kukwepa kifo hicho: gari lisimame kwanza, ligeuke vizuri, ndipo likimbie. Rangi huja mwisho kabisa, hata kama moyo unataka kuipiga leo.

Ujue unachojenga

Mbio za dragi ni magari mawili kwenye njia iliyonyooka, robo maili, yaani mita 402. Chama cha NHRA, kilichoanzishwa Marekani na Wally Parks mwaka 1951, kilizipa mbio hizo kanuni na madaraja, na katika madaraja hayo wakapata umaarufu wale tunaowaita gasa. Yalikuwa magari ya kawaida ya familia: Willys ya 1941, Chevrolet za 1955 hadi 1957, hata Ford Anglia ndogo kutoka Uingereza. Sharti lilikuwa yatumie petroli, ambayo Wamarekani huiita "gas", si mafuta maalumu ya mbio, na jina lao lilitoka hapo. Sura yake unaijua ukiiona: pua juu, ekseli moja iliyonyooka mbele, tairi nyembamba mbele na pana nyuma, mabomba ya egzosi yakichungulia nyuma ya magurudumu ya mbele.

Pua ile watu huidhani madoido, lakini ilianza kama hesabu. Gari likiondoka kwa nguvu, uzito huhamia nyuma, na tairi za nyuma zikielemewa hushika lami vizuri zaidi. Kiasi kinachohama unakipata hivi: zidisha uzito wa gari kwa mchapuko wake (ukilinganishwa na mvutano wa dunia), zidisha tena kwa kimo cha kitovu cha uzito, kisha gawanya kwa umbali kati ya ekseli mbili. Chukua Chevrolet ya 1955, ambayo ekseli zake zimeachana mita 2.92. Tuseme ina kilo 1,500, kitovu chake cha uzito kiko sentimita 60 kutoka chini, na inaondoka kwa nusu ya mvutano wa dunia. Kilo 154 hivi zinahamia nyuma. Sasa inua kitovu hicho sentimita 10 nzima, na hiyo si kazi ndogo. Unapata kilo 180.

Nyongeza ni kilo 26, nusu mfuko wa saruji. Enzi zile tairi zilikuwa na mshiko hafifu, kila kilo ikatafutwa kwa tochi. Tairi zilipoboreka, magari ya mbio yakashuka tena. Wewe ukiinua pua kupita kiasi, kilo hizo 26 utazilipia kwenye kila kona na kila upepo wa ubavuni. Ushauri wangu ni kuinua kiasi cha kuonekana tu.

Amua pia mapema: gari la barabarani lenye sura ya dragi, au gari la uwanjani linalofika huko juu ya trela? Lile linalotaka kuwa yote mawili hugharimu mara mbili na huudhi kote kuwili. Mengi ya hapa chini yanamhusu mwenye kutaka la barabarani. Na kabla hujakata chochote, uliza mamlaka ya magari ya kwenu wanaruhusu nini kuhusu kubadili ekseli, vioo vya plastiki na urefu wa gari, kwa sababu sheria hutofautiana sana.

Kagua kabla ya kulipa

Beba sumaku, tochi na bisibisi kuukuu, uvae ovaroli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa mvungu ni mvungu kweli. Funga sumaku kitambaa uipitishe sehemu za chini za milango, kingo za matao ya magurudumu na buti. Pale inapokataa kushika kuna pati nene iliyofunika shimo. Kwa bisibisi, gonga chesisi kote, hasa pale inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma na pale bodi inapofungwa juu yake. Sauti ya chuma kizima ni kali. Iliyooza hujibu kama debe lenye mchanga.

Bodi iliyochakaa usiiogope. Injini iliyokufa usiiogope kabisa, maana huenda utaibadilisha. Ogopa chesisi iliyopinda, na ogopa vipande vidogo vinavyokosekana: fremu za vioo, bawaba, nikeli za pembeni. Injini utapata. Kipande cha nikeli cha upande wa kushoto cha mwaka fulani kinaweza kukutesa miaka mitatu.

Tazama pia kama gari hilo liliwahi kukimbia kweli. Dalili ni matundu yaliyozibwa sakafuni palipokuwa na fremu ya kinga, matao ya nyuma yaliyokatwa duara ili tairi pana ziingie, mabano yaliyochomelewa kwenye ekseli, herufi zinazochungulia chini ya rangi ya juu. Ukizikuta, simama. Gari la mbio la kweli lenye rangi yake chakavu lina thamani ambayo hakuna rangi mpya itakayoirudisha. Piga picha kila kovu, na msasa uuweke mbali.

Mwisho, namba ya chesisi ilingane na hati. Isipolingana, ondoka, hata bei iwe tamu namna gani.

Fungua kidogo kidogo

Kanuni yangu ni mfumo mmoja kwa wakati. Ukifungua breki, funga breki kabla ya kugusa stelingi. Gari likae juu ya magurudumu yake kadiri inavyowezekana, kwa sababu gari linalosukumika ni gari linalomalizika.

Jeki ni ya kuinulia. Ya kukalia ni stendi, nne, chini ya chesisi, juu ya sakafu ngumu, na ulitikise gari kwa mikono kabla hujaingia chini. Matofali hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Kabla ya kukata bati lolote, pima. Dondosha timazi kutoka sehemu nane au kumi za chesisi, weka alama sakafuni, kisha pima mishazari. Upande mmoja ukipishana na mwingine kwa milimita tatu au nne, si neno. Ukipishana kwa sentimita moja na nusu, chesisi inahitaji kunyooshwa na mwenye vifaa. Na kama sakafu na vizingiti vimeoza, chomelea kwanza vyuma vya kushikilia matundu ya milango, ama sivyo bodi itajikunja na milango haitafungika tena maishani.

Nati na bolti zirudishe kwenye matundu yake mara tu kipande kinapotoka. Zisizorudishika ziingie mfukoni na kikaratasi chenye maneno kamili. Usiandike "nati za mbele". Andika "bano la boneti kulia, bolti 4, wosha 4". Utajishukuru.

Tahadhari mbili ambazo watu huzipuuza. Gari la miaka ile huenda lina asbestosi kwenye breki, klachi na gasketi, na risasi kwenye rangi. Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa hata siku moja. Lilowanishe, ulifute, utupe kitambaa kikiwa kibichi. Rangi ya zamani uisugue kwa maji ukiwa na barakoa ya vichujio.

Kutu

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye kutu ukuta wenyewe utakuwa wa pati. Pati hufunika mabonde ya milimita mbili tatu, haizibi tundu. Kata bati bovu mpaka ufikie bati linalong'aa, sentimita moja au mbili kupita pale unapodhani kutu imeishia. Mara nyingi imeishia mbele zaidi.

Kiraka kiwe cha bati la unene uleule, kwa kawaida karibu milimita moja. Kipunguze pole pole kwa faili mpaka kikae ndani ya tundu pasipo kulazimishwa, na mwanya kote usizidi unene wa waya wa kuchomelea. Mashine ya gesi yenye waya wa milimita 0.6 inatosha. Kisha usichore mstari. Piga nukta moja juu, moja chini, moja kushoto, moja kulia, uache zipoe mpaka uweze kuweka kiganja. Rudi, gawanya kila nafasi katikati, acha tena zipoe. Mlango mmoja wa gari langu ulinichukua jioni tatu kwa namna hii na ukatoka umenyooka. Wa pili niliuharakisha kwa jioni moja, ukajikunja kama chapati, nikaishia kutafuta mlango mwingine.

Jambo la hatari hapa: dawa za kusafishia breki zenye klorini zikikutana na joto la kuchomelea huzaa gesi ya fosijini, ambayo ni sumu ya kuua. Safisha bati kwa kitu kisicho na klorini na ukiache kikauke kabisa. Bati lenye zinki lisuguliwe kwanza, na mlango wa karakana uwe wazi. Tenki la petroli usilichomelee wewe, hata kama limekaa tupu miaka kumi. Mvuke uliobaki ndio unaolipuka.

Baada ya kuchomelea, funika chuma kwa praima ya epoksi siku hiyohiyo.

Ekseli ya mbele na stelingi

Hapa ndipo gasa wengi wa nyumbani wanapogeuka hatari, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ekseli iliyonyooka juu ya springi mbili za majani ni kitu rahisi, na urahisi wake hudanganya. Inataka vitu vitatu.

Cha kwanza ni kasta, yaani mlalo wa kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia) kuelekea nyuma ukiitazama kutoka ubavuni. Nyuzi 5 hadi 7 hulifanya gari lirudi lenyewe kwenye mstari ulionyooka. Watu huinua pua, wakasahau kwamba kuinua pua peke yake hubadilisha mlalo huo. Basi pima gari likiwa limekaa kwenye kimo chake cha mwisho, lina injini ndani na tenki lina mafuta, kisha urekebishe kwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli.

Cha pili ni uelekeo wa fimbo za stelingi. Fimbo itokayo kwenye boksi kwenda kwenye gurudumu iwe karibu sambamba na ekseli gari likiwa limesimama. Ikikaa mlalo mkali, kila tuta litalivuta gurudumu upande bila wewe kugusa usukani. Ondoa springi moja, inua na ushushe ekseli kwa jeki huku usukani umefungwa, utazame kama gurudumu linageuka. Ni jaribio la dakika ishirini.

Cha tatu ni ulegevu. Kingpini, tairodi, boksi la stelingi, beringi za magurudumu: ulegevu mdogo hapa na mdogo pale hujumlishwa, na kwenye mwendo fulani magurudumu huanza kutikisika kushoto na kulia kwa nguvu ya kukunyang'anya usukani. Ikikutokea, achia mafuta pole pole, usikanyage breki kwa ghafla. Kisha urudi karakana utafute kilicholegea. Kifaa cha kuzuia mtikisiko kinasaidia, lakini kukifunga juu ya kingpini zilizochoka ni kumpa mgonjwa manukato.

Tairi za mbele zielekeane kidogo, milimita 2 hadi 3. Na sehemu yoyote ya stelingi usiichomelee mwenyewe. Nunua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Breki

Magari mengi ya Marekani ya kabla ya 1967 yana masta silinda ya saketi moja. Maana yake ni kwamba bomba moja likipasuka, breki zote nne zimekwenda. Badilisha uweke ya saketi mbili, hata kama wapenda uasilia watakununia. Mbele weka diski ukiweza. Nyuma dramu nzuri zinatosha.

Mabomba yote yawe mapya, ya chuma au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, na midomo yake ikunjwe mara mbili. Mkunjo mmoja hupasuka. Shaba tupu haifai. Kama huna boosta, mguu wako unahitaji wenzo: pedali ya uwiano wa takriban 6 kwa 1 hutosha kwa masta silinda ya kawaida. Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kisha kanyaga pedali kwa nguvu zako zote dakika moja nzima. Ikishuka taratibu, pana mvujo. Utafute sasa hivi, gari likiwa bado karakana.

Nyuma: difu, springi na propela

Injini ikivuta, ekseli ya nyuma hutaka kujizungusha kinyume, ikizikunja springi za majani kama herufi S. Springi zikijirudi, tairi huruka na kupiga lami, na kitu kinavunjika. Dawa ya kizamani ni vyuma virefu vya kuzuia mkunjo, vinavyotoka chini ya ekseli kwenda mbele. Kwa gari la barabarani, chagua vile vyenye mpira unaogusa karibu na jicho la mbele la springi. Vile vya ngazi vilivyochomelewa ni vikali na vinataka chesisi iliyoimarishwa.

Difu ya inchi 9 ya Ford, iliyotoka mwaka 1957, bado ndiyo kipenzi cha wengi kwa sababu moyo wake wote hutoka kwa mbele na unaweza kubadilisha uwiano bila kuishusha ekseli. Uwiano wenyewe, yaani propela inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja, usiufuate kwa majivuno. Kwa tairi yenye kipenyo cha sentimita 71, gari lisilo na ovadraivu likienda kilomita 100 kwa saa, injini itazunguka mara 2,780 kwa dakika ukiwa na 3.73, mara 3,070 ukiwa na 4.11, na mara 3,640 ukiwa na 4.88. Hiyo ya mwisho inapendeza kwa sekunde kumi na tatu. Baada ya saa moja ya safari masikio yako yatakuwa na maoni tofauti.

Krosi mbili za propela shafti ziwe na pembe zinazolingana, nyuzi 1 hadi 3 kila moja. Funga pete ya chuma kuizunguka propela, si zaidi ya sentimita 15 kutoka krosi ya mbele. Krosi hiyo ikikatika, propela huanguka mbele, ikachoma lami na kuliinua gari kama mruko wa upondo.

Injini

Nitachukua mfano wa V8 ndogo ya Chevrolet, iliyozaliwa 1955 na ujazo wa inchi 265, ikafika 350 mwaka 1967, kwa kuwa ndiyo utakayoikuta ndani ya nusu ya magari haya, hata yale ambayo hayakuwa Chevrolet. Injini nyingine fuata kitabu chake.

Ukishaifungua, peleka bloku na krankishafti kwa mwenye mashine wapimwe nyufa, silinda zichongwe, krenki isawazishwe pamoja na pistoni na flaiwili. Kazi hiyo si ya nyumbani. Ya nyumbani ni kuifunga, na kuifunga ni usafi. Osha bloku kwa maji ya moto na sabuni, sugua kila njia ya oili kwa brashi ndefu, kausha, paka oili papo hapo. Kitambaa cheupe ukikipitisha ndani ya silinda kitoke cheupe. Kikitoka kijivu, rudia.

Ringi za pistoni zina mwanya ambao watu huuamini kiwandani bila kupima. Iingize ringi peke yake ndani ya silinda yake, isukume kwa pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawasawa, pima mwanya kwa fila (vipimo vya bati jembamba). Kwa silinda ya milimita 101.6 na injini isiyo na supachaja, ringi ya juu ianzie milimita 0.4 hivi, lakini karatasi ya mtengenezaji ndiyo ya mwisho kuamua. Mwanya ukiwa mdogo mno, ringi ikipata moto ncha zake hugusana na kuvunja pistoni. Ukiwa mkubwa kidogo, hutagundua kitu.

Kaza kwa spana ya toki, kwa awamu tatu, kutoka katikati kwenda nje. Bolti za silinda hedi za kiwandani hufika Nm 88. Na sikia siri ambayo imewaaibisha mafundi wazuri: bolti hizo hupenya mpaka kwenye maji ya kupoza injini. Usipopaka dawa ya kuziba kwenye nyuzi zake, maji yatapanda pole pole na wewe utalaumu gasketi.

Kama kemshafti ni ya tapeti bapa, paka grisi yake maalumu kila pembe (nundu inayosukuma tapeti), na ununue oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha. Oili nyingi za magari ya kisasa hazina kiasi hicho.

Flaiwili ya chuma cha kutupwa ya miaka ile usiifunge kwenye injini utakayoizungusha sana. Ikipasuka, vipande vyake hupita sakafuni karibu kabisa na miguu yako. Weka ya chuma kilichofuliwa, na nyumba ya klachi iliyotengenezwa kuzuia vipande.

Giaboksi sitaisemea mengi. Otomatiki yenye konveta nzuri ni ya haraka na ya starehe. Gia nne za mkono ni za furaha. Chagua moyo wako.

Umeme na mafuta

Wayaringi ya zamani ya kitambaa toa yote. Usiunganishe mpya na kuukuu. Nunua fungu jipya la nyaya lenye boksi la fyuzi, pitisha kila waya mbali na egzosi, weka mpira kila waya unapopenya bati. Taa, feni na pampu zipitie rilei. Nusu ya matatizo ya umeme ya magari haya ni ardhi mbovu, kwa hiyo weka waya mnene kutoka injini kwenda chesisi, na mwingine kutoka chesisi kwenda bodi. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950 yalitumia volti 6. Hamia 12. Ukiihamishia betri kwenye buti ili uzito ukae nyuma, weka swichi ya kukata umeme wote inayofikika kutoka nje, nyuma ya gari. Uwanjani wataidai.

Mipira ya mafuta iwe ya kisasa inayostahimili ethanoli. Kabureta za Holley hutaka shinikizo la bar 0.35 hadi 0.5, pampu ya umeme ya gari la kisasa bila kidhibiti itazifurisha na kumwaga petroli juu ya injini yenye moto.

Siku ya kuwasha

Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu mwingine.

Kwanza jaza oili kila mahali kabla injini haijazunguka. Toa distributa, ingiza fimbo yenye kola inayoziba njia ya oili, izungushe kwa drili kufuata saa. Drili itakuwa nyepesi, kisha ghafla itaelemewa, hapo pampu imeshika. Endelea, huku mwenzako akigeuza krenki robo robo, mpaka oili itoke kwenye kila roka.

Kisha rudisha distributa, na hapa nikueleze aibu yangu. Pistoni ya silinda ya kwanza hufika juu mara mbili katika kila mizunguko miwili ya krenki: mara moja ikibana hewa, mara nyingine ikitoa moshi. Alama ya puli inaonekana ileile. Mimi niliweka alama, nikafunga, nikapiga stata. Kabureta ikakohoa moto. Nikapiga tena, na tena, dakika kumi nzima nikicheza na kabureta ambayo haikuwa na kosa. Distributa ilikuwa nusu mzunguko nyuma. Kosa lenyewe lilirekebishika kwa dakika tano, ila kwa mizunguko ile ya polepole grisi ilikuwa imeshafutika kwenye kemshafti, na pembe mbili zililika kabla injini haijaishi wiki. Siku hizi natoa plagi ya kwanza, naweka kidole tunduni na kumwambia mwenzangu ageuze krenki. Hewa ikisukuma kidole wakati alama inakaribia, ndiyo yenyewe.

Mpangilio wa waya za plagi kwa V8 hii ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Ikiwaka tu, ipandishe mara moja mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, uibadilishe badilishe humo kwa dakika 20 hadi 30. Usiiache ikae taratibu, kwani tapeti hupata oili ya kurushwa na krenki. Tazama shinikizo la oili na joto. Hitilafu ikitokea zima, rekebisha, endelea pale ulipoishia. Baadaye mwaga oili, kata filta uifungue, tazama vumbi la chuma. Mng'ao hafifu ni kawaida. Vipande si kawaida. Sasa seti taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga kabla pistoni haijafika juu: jumla ya nyuzi karibu 34 hadi 36 ifikapo mizunguko 3,000 ni mahali salama pa kuanzia kwa petroli nzuri.

Kulitoa, ndipo rangi

Liendeshe likiwa na praima tu. Safari ya kwanza kilomita mbili, mwendo wa baiskeli, breki mara kumi. Rudi, ingia chini, kaza kila bolti ya springi, ekseli na stelingi. Ya pili kilomita kumi, ukague tena. Katika kilomita mia tano za kwanza utagundua bomba la egzosi linalogusa, mlango unaogonga, kiti kilichokaa mbali na klachi, na kila dosari itahitaji kukata au kuchomelea kitu. Kama ungekuwa umeshapiga rangi, ungelia.

Ukienda uwanjani, tairi za slika zisizo na mistari ziende kwenye trela. Kanuni za NHRA hudai kofia ngumu kwa gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 13.99 au chini, na fremu ya kinga ukifika 11.49. Ijenge kabla ya kufika huko.

Rangi zenye kigumisho cha isosianeti hazitaki barakoa ya kawaida. Zinahitaji ile inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje, na kama huna, andaa bati vizuri mwenyewe kisha upeleke gari kwa mpiga rangi. Maandalizi ndiyo asilimia kubwa ya bei, na hayo unayaweza: pati nyembamba, praima, unga mweusi wa kuonyesha mabonde, ubao mrefu wenye msasa, mikono ikisugua kwa mshazari. Herufi za mlangoni, jina la gari na namba yake, ziandikwe kwa brashi, baada ya milango kufungwa na kusetiwa, maana mstari unaopita kutoka fenda hadi mlango ukichorwa vipande vikiwa mezani hautakutana.